Msukumo wa Vidole Viwili

Wanafunzi walimwita Nyutoni, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alijitafutia mwenyewe kwa ubishi wake. Mtu akisema mbele yake kwamba mfuko wa sukari una uzito wa kilo mbili, alimkatiza palepale: kilo hupima tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, uzito ni kani, ni jinsi dunia inavyokivuta kitu hicho, na kani hupimwa kwa nyutoni. Alikuwa radhi kuyasema hayo dukani, foleni imejaa nyuma yake, muuzaji amebaki na mfuko mkononi. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakuwa na subira na somo hilo. "Haya, mpimieni nyutoni zake twende zetu," alikuwa akisema, "miguu inaniuma."

Lakini darasani mambo yalikuwa mengine. Hata watoto waliokuwa wakisinzia kwenye vipindi vyote waliamka kipindi chake cha fizikia kilipofika. Aliwafundisha kwa vitu vya kushika: mishumaa, mabomba, springi za godoro kuukuu. Na onyesho lililompa sifa kuliko yote lilikuwa la tufe. Alichukua tufe la chuma, lile la wanamichezo, akalitia ndani ya wavu na kulining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti ya maabara. Mwanafunzi mmoja alisimama mgongo na kisogo vikigusa ukuta, tufe likavutwa hadi kidevuni mwake, kisha likaachiwa. Lilibembea hadi upande wa pili, likarudi mbio kama linakuja kumpasua uso, halafu likaishia kabla ya kumgusa na kuondoka tena.

"Halipati nishati mpya njiani," Nyutoni alieleza kila mara, mikono hewani. "Limeanza kwenye kimo hiki, haliwezi kurudi likapita kimo hiki. Tena kidogo linapoteza kwa msuguano. Wewe tulia tu. Sheria hii haimjui mtu wala haimwonei mtu."

Mwaka ule, siku ya wazazi, mkaguzi naye alikuwa anakuja. Nyutoni aliingia maabara asubuhi, akiwa amevaa shati ambalo mkewe alilishona makusudi kwa siku hiyo, akafunga kamba mpya na kulijaribu tufe peke yake. Hakufurahi. Kamba ilikuwa nene na ngumu, ilisugua boriti vibaya, na tufe lilirudi likaishia mbali, shibiri nzima kutoka usoni. Nani atashtuka kwa hilo? Hakuna mzazi atakayeshika kifua. Mkaguzi atapiga miayo. Alitafuta kamba ya zamani kabatini, hakuiona, na wageni wakaanza kuingia.

Aliyemchagua kusimama ukutani alikuwa msichana waliyemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Yeye ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote, mengine kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Alikuwa akiishi na bibi yake, na siku hiyo bibi hakuweza kuja kwa sababu ya magoti. Kengele alisimama, akakibandika kisogo ukutani, akawakonyeza wenzake.

Nyutoni alilivuta tufe mpaka kidevuni mwa msichana. Aliwapa watu mgongo. Na hapo, wakati wa kuliachia, alilisukuma kidogo kwa vidole viwili. Kidogo tu, alijiambia, kiasi cha kufidia ile kamba mbaya, lirudi karibu zaidi, watu wapate kusisimka.

Lilirudi. Halikuishia njiani. Lilipita kimo lilikoanzia, likampiga msichana mdomoni, na sauti yake ilisikika hadi mlangoni, kama mtu aliyegonga kikombe kwenye sinki.

Kengele hakupiga kelele. Alijishika mdomo, damu ikapita katikati ya vidole ikadondokea blauzi nyeupe. Viti vilisukumwa, mama mmoja akaita jina la Mungu, mkaguzi akasimama.

"Mwalimu, nini kimetokea?"

Jibu lilimtoka Nyutoni kabla hajalifikiria. "Amesogea. Nilimwambia asisogee."

"Sikusogea, Mwalimu," Kengele alisema nyuma ya viganja vyake.

"Umesogea mbele. Usingesogea, lisingekufikia. Haiwezekani."

Na watu wote mle ndani, ambao dakika chache tu zilizopita walielezwa jinsi sheria ile isivyomwonea mtu, waliitikia kwa vichwa. Kama tufe haliwezi kupita kimo chake, basi lazima mtoto ndiye aliyelifuata. Mkaguzi alisikitika, akasema vijana wa siku hizi hawatulii. Kengele alipelekwa zahanati akiwa na jino la mbele lililovunjika nusu na mdomo uliohitaji kushonwa.

Aliporudi shuleni, alikuta wenzake wamempa jina jipya. Hawakumwita Kengele tena. Walimwita Sogea. "Sogea, tupishe!" "Sogea, umesogea?" Alicheka nao siku za kwanza, kisha akaacha kucheka, kisha akaacha kunyoosha mkono darasani. Nyutoni aliyaona yote hayo akiwa amesimama ubaoni. Alimpita mbali alipokuwa akigawa vifaa. Akimwona anakuja upande huu wa korido, alijifanya amesahau kitu ofisini akageuka.

Siku moja baada ya vipindi, alitokea bibi wa yule msichana. Alikuja polepole, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, na Nyutoni alipomwona mlangoni pa ofisi ya walimu, aliinuka haraka. Amejua, aliwaza. Alimwamkia kwa sauti ndogo, akamvutia kiti.

"Sikai, mwanangu, nikikaa kusimama ni kazi," bibi alisema. "Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi, Bibi?"

"Kwa huyu mjukuu wangu. Amekuaibisha mbele ya wageni wako, siku ya kazi yako. Huyu tangu mdogo ana kiherehere, hata sindano walikuwa wanamshika watu wawili. Na mpaka leo ananibishia, eti hakusogea. Nimemwambia, mwalimu wako mtu mzima, amesoma, atakusingizia kwa faida gani? Nikamnunia mpaka alipoacha kubisha." Kisha akaushika mkono wa Nyutoni kwa mikono yake miwili. "Usimchukie. Hana baba wa kumnyoosha. Mwangalie kama mwanao."

Walimu wengine walikuwa wameacha kusahihisha, wanasikiliza. Neno lilikuwa mdomoni mwa Nyutoni, limefika kwenye meno kabisa. Akalimeza.

"Hakuna neno, Bibi," alisema. "Yamekwisha. Nimemsamehe."

Bibi alimwombea heri, akaondoka kama alivyokuja, mkono ukutani.

Nyutoni alitembea hadi nyumbani bila kuona njia. Nimemsamehe! Mtoto aliyemvunja jino kwa mkono wake, akamvisha uongo juu yake, sasa amemsamehe! Alitamani ardhi ipasuke. Alimkuta mkewe mezani kwa cherehani, anapinda mapazia ya mteja, naye akakaa kwenye kigoda karibu na mlango bila kuvua viatu. Akamweleza yote, kuanzia kamba hadi mkono wa bibi. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa kama anazungumza na sakafu.

Cherehani ilisimama.

"Bibi wa watu amekuja na magoti yake mabovu kukuomba radhi wewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaipokea."

Alivuta kamba ya kiatu kimoja, akaiacha.

"Mbona unaniambia mimi?" mkewe aliuliza. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi jino langu lipo." Akalivuta pazia chini ya sindano, akaendelea kushona.

Hata hivyo siku ziliendelea kupita. Kila asubuhi Nyutoni alijiambia leo, na kila jioni alikuwa na sababu: leo kulikuwa na mtihani, leo mwalimu mkuu hakuwepo, leo mvua. Dukani muuzaji alimtajia uzito kwa kilo kwa mzaha, akisubiri kukosolewa, naye akalipa akaondoka.

Kisha msichana mwenyewe akamfuata, kabla ya kipindi, amesimama wima kama askari.

"Mwalimu, naomba kuacha fizikia. Nimeambiwa nikuombe wewe kwanza."

"Kwa nini? Ulikuwa unafanya vizuri."

Alifikiri kwanza, ulimi wake ukagusa pale jino lilipovunjika. "Siku ile nilikuwa nausikia ukuta kisogoni. Mpaka lile tufe linanigonga, nilikuwa bado nausikia. Ningeapa. Lakini kama nilisogea na bado najisikia nimetulia, basi mimi siwezi kuziamini hata hisia zangu. Nitapimaje kitu? Nitasoma kipimo, niseme nimeona hivi, kumbe sivyo."

Alikuwa haigizi. Alikuwa amekaa na jambo hilo, amelipiga hesabu kama alivyomfundisha, akafika kwenye jibu hilo kwa sababu mwalimu wake alimpa namba ya uongo mwanzoni.

"Twende darasani," Nyutoni alisema. "Twende, mwanangu. Hutaomba kitu chochote."

Alisimama mbele ya darasa zima, na msichana akabaki amesimama mlangoni, akidhani anakwenda kukemewa. Nyutoni alijaribu kuanza kwa nishati na kimo, akajikuta anazungukazunguka. Alipiga moyo konde.

"Siku ya wazazi, mwenzenu hakusogea," alisema. "Mimi nililisukuma tufe. Kwa makusudi, ili lirudi karibu, nisifiwe. Lilipomuumiza, nikamsingizia."

Kijana mmoja wa mbele akauliza, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa: "Kwa hiyo ile sheria, Mwalimu?"

"Sheria ni ileile. Tufe likipita kimo lilikoanzia, basi kuna aliyeliongezea nishati. Wote mlijua hivyo. Ila mliniamini mimi kuliko yeye."

Wote waligeuka mlangoni. Msichana alikuwa hatazami mtu. "Nilisema," alinong'ona. Kisha sauti yake ya zamani ikarudi yote kwa mara moja, ikajaa chumba. "Nilisema! Niliwaambia wote! Mpaka bibi yangu nikamwambia!" Akalia kwa hasira, ngumi amezikunja, na Nyutoni aliposogea hatua moja kumwendea, alirudi nyuma. "Usije kwangu. Nenda kwa bibi."

Alikwenda jioni ileile. Alimkuta uani anachambua maharage kwenye sinia, akakataa kiti, akasema aliyoyasema darasani. Bibi alisikiliza, akatupa kijiwe kimoja, akatupa kingine.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Mjomba wa mtoto yuko ndani, naye alimgombeza."

Nyutoni akarudia, kwa sauti, mpaka mjomba akatoka kusimama kizingitini na majirani wa upande wa pili wakaacha kufua. Alipomaliza, bibi aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Nilikushika mkono," alisema. "Nilikushika mkono huohuo." Akalivuta sinia karibu. "Leo sina la kukujibu, Mwalimu. Nenda nyumbani kwako."

Mwalimu mkuu alimpa onyo kali na kumwondoa kwenye uongozi wa idara ya sayansi, naye hakujitetea. Alimpigia simu mkaguzi, akamweleza. Mkaguzi alikata simu bila kuaga. Nyutoni alimpeleka msichana kwa daktari wa meno akiwa na mjomba wake, wote watatu wakisubiri kwenye benchi moja, na jino likajazwa hata mgeni asingelitambua.

Msichana hakuacha fizikia. Wenzake walilirudisha jina la Kengele, wakiona haya kidogo kulitamka, na maswali yakaanza kurudi, moja leo, moja wiki ijayo, akimuuliza Nyutoni bila kumtazama usoni. Naye alimjibu kwa uangalifu, na asipokuwa na hakika alisema hana hakika.

Siku moja darasa lilikuwa linapima mvuto wa springi kwa makundi, na kundi la Kengele likaangusha mawe yote ya kupimia sakafuni kwa kishindo. Wakacheka. Kengele alicheka zaidi ya wote, na alipokuwa akicheka mkono wake ulipanda wenyewe, haraka, ukafunika mdomo. Jino lilikuwa zima. Mkono ulipanda hivyohivyo. Nyutoni aliona, akainama kuwasaidia kuokota mawe, na akakaa pale chini ya meza kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.