Mgongo wa Bwanaheri

Bi Mwanahalima wa Mtawanya alikuwa na hakika ya mambo mengi, lakini hakuna alilokuwa na hakika nalo kama hili: mwanamume anayevaa sufu kwenye joto la Rufiji ana kitu anachokificha.

Mwanamume mwenyewe alikuwa Bwanaheri, mkata mikoko wa Salale, aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na fulana moja ya kijivu, ya mikono mirefu. Alisema aliipata Kolombo kwa baharia wa Australia, na kwamba ni sufu ya kondoo waitwao merino, ambao manyoya yao ni laini ajabu. Jua liwake, mvua inyeshe, yumo ndani yake. Alipoleta posa kwa Sikujua, watu wakaanza kunong'ona kwamba mgongoni ana maradhi.

Sikujua alikuwa binti wa marehemu kaka yake Bi Mwanahalima, na neno la mwisho lilikuwa la shangazi. Dada mkubwa wa Sikujua alikwisha kuozwa kwa mtu aliyesifiwa kila kona, kumbe kanzu yake imefunika ugonjwa. Yule binti alirudi nyumbani amekonda, na shangazi hajajisamehe mpaka leo. Safari hii hadanganyiki.

Sikujua alimtetea mchumba wake kwa moto. Alisema fulana ile hainuki hata ikivaliwa siku nyingi, jasho halimgandi mwilini, na jua halimchomi mgongo. Shangazi akamjibu kwamba kama ni hivyo, Bwana Shauri wa bomani angeivaa yeye, asingeshinda akijipepea kwa kofia.

"Mgongo huo nitauona kwa macho yangu," akasema, na asubuhi akashuka Salale, eti kununua kamba wakavu.

Aliwakuta wakataji wamezama kwenye tope, vifua wazi wote, isipokuwa mmoja. Bwanaheri akatoka, akaamkia kwa adabu, macho chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe. Bi Mwanahalima akamwomba amrudishe bara kwa mtumbwi. Alijua wazi kwamba kupiga kafi kwenye jua lile kutamshinda na fulana itavuliwa tu.

Bwanaheri alipiga kafi, jua likawaka, fulana ikakaa palepale. Bibi ndiye aliyetota jasho.

Walipofika kwenye mlango wa mto, mvua ya kusi ikawashukia, na wimbi moja likaingia mtumbwini likawalowesha wote wawili. Upepo ukavuma. Khanga zikamganda Bi Mwanahalima mwilini, meno yakagongana, vidole vikakataa kushika hata ukingo wa mtumbwi. Aliogopa, na alichukia kuonekana ameogopa. Bwanaheri naye alikuwa amelowa chepechepe, lakini hakutetemeka.

"Mama, nguo hii hata ikilowa inatia joto," akasema. "Naomba ugeuze uso, niivue."

Hapo ndipo mgongo aliousafiria ulipokuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Angeweza kuchungulia, nani angejua? Lakini mkwe ameomba sitara, na ameiomba ili ampe yeye nguo yake. Bi Mwanahalima akafumba macho kwa haya, akayafumba kwelikweli. Akasikia fulana ikikamuliwa, kisha ikawekwa mapajani pake. Alipoyafumbua, Bwanaheri alikuwa amekwisha kujifunika mabegani gunia lililokuwa mtumbwini, anatetemeka huku anapiga kafi.

Akaivaa. Alitarajia ikwaruze kama mablanketi ya keya, askari wa Mwingereza, haikukwaruza. Alitarajia inuke, ilinukia moshi wa kuni na kondoo kidogo. Akaipapasa kwa ndani, mgongoni, kwa vidole vya mtu aliyewahi kufua nguo za wagonjwa: hakuna usaha, hakuna dawa, hakuna doa. Joto likamwingia taratibu, kifuani kwanza. Akampenda yule kijana palepale, na akakasirika kwamba amempenda.

Walipofika nchi kavu alitaka kuivua. Bwanaheri akamsihi aende nayo, mvua bado inanyesha.

Sikujua alimpokea uani, akaitazama fulana, akashindwa kujizuia.

"Shangazi, mgongo umeuona?"

"Sikuuona."

Binti akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Bi Mwanahalima akamshika kidevu.

"Mwenye kuficha kitu havui kifuniko chake akampa mtu mwingine avae. Watume watu Salale, waseme nimekubali. Mahari yako utaje mwenyewe. Ila ile nguo ya mkaja, anayopewa aliyemlea bibi harusi, wasihangaike kuitafuta dukani. Nimeshaivaa, na siivui."