Sura Isiyostahili Maharagwe

Siku ya pili sasa, ukuta ulikuwa ukimnyima Khalayi chakula.

Ukuta wenyewe haukuwa na hatia. Hatia ilikuwa ya kile kisanduku chenye kamera ambacho kampuni moja ya Nairobi ilikipigilia mlangoni mwa bwalo la shule. Unasimama, kinakutazama, kinalinganisha uso wako na picha uliyopigwa muhula ulipoanza, kisha kizuizi kinafunguka ukale. Khalayi alipigwa picha akiwa na nywele zake zote. Halafu akaenda Navakholo kumzika babu yake, na kwao mzee akizikwa wajukuu hunyolewa. Alirudi shuleni msichana mwenye kipara kinachong'aa.

"Mgeni," kilisema kisanduku. "Tafadhali ondoka."

Tangu jana alikuwa akiishi kwa matonge ya obusuma, ugali wa kwao, ambayo rafiki yake Bravin aliyatorosha mfukoni mwa sweta. Leo viranja walipekua mifuko.

Bravin, mtundu wa kidato cha tatu aliyejulikana hata na askari wa geti, alimwendea mwalimu mkuu kwa heshima zote.

"Mwalimu, si huyu ni Khalayi? Umemfundisha tangu kidato cha kwanza."

"Namjua," alisema Bwana Elkanah. "Lakini mfumo haumjui."

"Na mkubwa ni nani, mwalimu? Wewe ama mfumo?"

"Rudi kwa laini, kijana!"

Kando ya mwalimu mkuu alisimama Clifford, mtu wa kampuni, aliyekuja kupiga picha za matangazo. Alitabasamu kwa upole wa daktari wa meno. "Malalamiko tumepokea. Yatashughulikiwa katika toleo lijalo."

"Lini hiyo?"

"Muhula ujao, hivi."

Bravin alihisi damu ikimpanda kichwani. Hawa watu wa programu huuza kitu kibichi, wakakiita majaribio, kisha majaribio yenyewe yakafanyiwa tumboni mwa mtoto wa mwingine. Na wakubwa hutia sahihi wakipiga makofi. Nani aliwauliza wanafunzi kama wanataka kupigwa hizo picha?

Alikwenda ofisini, akang'oa ukutani kalenda ya shule yenye picha ya mwalimu mkuu akiwa na tai nyekundu, akarudi akiwa ameiinua juu kwa mikono miwili, kwa mwendo wa mtu abebaye msalaba kanisani. Khalayi akamfuata.

Bravin aliielekeza kalenda kwenye kamera.

"Karibu, Mwalimu Mkuu," kilisema kisanduku. Kizuizi kikafunguka, Khalayi akapita.

Mama Gentrix, mpishi, alikuwa ameonywa asibishane na mashine. Hakubishana. Aliacha maharagwe ya wanafunzi, akapakua sahani ya mwalimu mkuu: obusuma ya moto na ingokho, paja zima la kuku.

"Hiyo ni kudanganya kifaa!" alisema Clifford.

"Karatasi kinaijua," Bravin alimfokea. "Mtu anayepumua hakimjui! Na nyinyi mnaona sawa tu!"

"Wewe msichana, weka chini!" Bwana Elkanah alinguruma. "Hicho ni chakula changu!"

"Uambie mfumo, mwalimu," alisema Khalayi, mdomo umejaa.

Bravin aliamriwa akiombe kisanduku msamaha mbele ya shule nzima. Alikataa. Basi akaambiwa afungashe, aende kwao Malava na asirudi bila mzazi. Alipofika mlangoni aligeuka. Khalayi alikuwa akitafuna mpaka mfupa, machozi yakimshuka mashavuni, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyethubutu kuigusa ile sahani.