Unasikia Nini?

Mama yangu alikufa kwa mafua. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani natania, maana mafua ni kitu cha kupenga na kuendelea na kazi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu nyumbani, pasi ya mkaa, na maji ya kunyunyizia aliyatia majani ya mlimau. Mchana mmoja, nimekaa miguuni pake nakunja soksi, aliinua kichwa ghafla akaitika, "Abee!"

Nikamuuliza nani kamwita.

"Si shangazi yako?"

Shangazi alikuwa sokoni. Nyumba nzima tulikuwa mimi na yeye tu. Jioni mama akaanza kupiga chafya, na wiki haikuisha.

Shangazi ndiye aliyenilea, na katika maonyo yake yote kuna moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Mama yako aliitika. Wewe usiitike."

Ni rahisi kusema. Mimi nilifundishwa kwamba mtu mzima hakuiti mara mbili. Hata nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango kwa aibu, nikisikia jina langu, "abee" hunitoka yenyewe, nyembamba kama ya kifaranga, kabla sijajua kama nimefungua mdomo. Shuleni, kabla sijaacha, watoto waliniita kwa zamu ili wanisikie tu.

Kwa hiyo mafua yaliponishika, Shangazi hakucheka. Alikuwa akifua mashuka ya kituo kimoja ambako walijaribu dawa ya kupulizia puani kwa watu wenye mafua ya kawaida. Wengine walipuliziwa dawa, wengine maji ya chumvi matupu, na chupa zote zilifanana. Hakuna aliyejua amepata nini, hata nesi mwenyewe.

"Nenda," Shangazi alisema. "Bora ukae kwa watu wenye vipimo kuliko kukaa na mimi na tangawizi yangu."

Kituo chenyewe zamani kilikuwa ghala. Waligawa vyumba kwa mbao nyembamba zisizofika juu, kila chumba kitanda, kiti cha plastiki, ndoo ya kutupia karatasi za kupengea, na dirisha linalotazama ua wa kuanikia. Hatukuruhusiwa kuingiliana. Lakini sauti haina mlango, na sikuwa hata nimevua viatu, ukuta ukazungumza.

"Jirani! Umekuja na pua, au umeiacha nyumbani?"

Huyo alikuwa fundi mwashi. Wote tulimwita Fundi. Sura yake niliiona mara moja tu, siku ile ya kupimwa: mtu mfupi, viganja vimepasuka kwa saruji, macho yanacheka kabla ya mdomo. Mimi sikumjibu. Akasema, "Haya, ameiacha," akajichekea mwenyewe.

Utaratibu ulikuwa huu. Nesi anakuja na chupa yake ndogo, anakupulizia tundu hili, anakupulizia lile, anakwambia usivute kwa nguvu. Anasubiri kidogo. Kisha anauliza swali moja, kila mara lile lile: "Unasikia nini?" Alitaka kujua kama inawasha, kama inachoma, kama harufu zimeanza kurudi.

"Nasikia njaa," Fundi alimjibu.

"Sikuulizi tumbo, nakuuliza pua."

"Nasikia usingizi."

"Fundi!"

"Basi nasikia mapenzi, Nesi. Ila na hiyo barakoa yako, sijui kama na wewe umesikia."

Nesi alikuwa akitoka chumbani kwake anacheka, akifika kwangu bado mabega yanatikisika. Kwangu alikuta kimya. Aliniita, "Mdogo wangu," nami nikaitika, "Abee," na yakawa ndiyo mazungumzo yetu.

Fundi alikidaka hicho kiitikio kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Mwanamume huitika naam. Yeye akawa anaitika abee, kwa sauti yangu hasa, ile ile ya kifaranga. Asubuhi moja Nesi aliniita kutoka koridoni, Fundi akaitika, na Nesi akaingia kwangu na kipimajoto akidhani niko macho. Alinikuta nimelala fofofo; hatua zake ndizo zilizoniamsha. Alisimama pale akanitazama, kisha akautazama ukuta.

"Hii sauti umeiiba, Fundi," alisema. "Irudishe kwa mwenyewe."

"Hajailalamikia," alisema Fundi.

Kweli sikuilalamikia. Nilicheka chini ya shuka.

Mambo yalibadilika kwenye swali lile lile. Nesi alikuwa amempulizia Fundi, akamuuliza, "Unasikia nini?" Nami nikajiandaa kucheka.

"Nasikia pasi," Fundi alisema.

"Pasi?"

"Pasi ya mkaa, imewekwa juu ya nguo yenye maji. Na kitu kama ndimu. Hapana, si ndimu. Majani." Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Nani anapiga pasi humu, Nesi?"

Nesi alifurahi kwamba pua imefunguka. Mimi nikashuka kitandani. Nilikwenda dirishani. Shangazi alikuwa uani anaanika, jua kali, mashuka meupe yamejipanga mpaka kwenye geti. Nikamnong'oneza kupitia nondo: haya mashuka mnayapiga pasi?

Alitoa vibanio mdomoni. "Haya? Tunayakunja hivyo hivyo. Kwa nini?"

Nikamwambia.

Alilishika shuka kama mtu anayetaka kujisitiri nalo. "Na wewe umesikia hiyo harufu?"

"Pua yangu imeziba."

"Basi iache izibe. Na mdomo uzibe nao."

Lakini pua haikungoja ruhusa. Kesho yake, baada ya kupuliziwa, ilifunguka upande mmoja kama dirisha lililosukumwa na upepo, na mama yangu akaingia. Sijui kulisema vingine. Mkaa, mvuke, pamba ya moto, mlimau. Nesi akauliza ninasikia nini. Nikatikisa kichwa kwamba sisikii kitu. Akanipigapiga begani akaenda zake.

Niliogopa, na humo humo ndani ya woga kulikuwa na kitu kingine nilichokionea haya. Sura ya mama ninaikumbuka. Mikono yake pia. Sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa, na nilikuwa nataka kuisikia.

Niliisikia mchana ule ule. Chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa, sahani zimeondolewa, kituo chote kimetulia, jua limelala sakafuni kwangu.

"Kinyoya."

Ilitoka mwisho wa koridoni. Haikuwa kali wala ya huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita huku mikono ina kazi, asiyeinua macho. Kinyoya ni jina aliloniita mama peke yake. Kwenye karatasi za kituo halimo, na Shangazi hajalitamka tangu msiba.

"Abee" ilipanda. Niliihisi kooni, kisha nyuma ya meno. Nikalikamata shuka nikalisokomeza mdomoni lote nililoweza, nikauma.

"Kinyoya!" Karibu zaidi. Na ndara zinaburuzika kwenye saruji, taratibu, mlango mmoja, halafu mwingine.

"Jirani," Fundi alisema kupitia ukutani. "Unaitwa."

Alikuwa anasikia! Nilitaka kumwambia anyamaze, lakini nilijua nikitoa shuka mdomoni, kitakachotoka kwanza hakitakuwa onyo. Nikaupiga ukuta kwa ngumi. Nikaupiga tena.

"Nini sasa, aibu?" Alikuwa anatabasamu, nilisikia kwenye sauti. "Kuna mama hapa nje anatafuta Kinyoya. Si wewe? Itika, mtoto wa watu, utaambiwa huna adabu."

Nikaupiga ukuta kwa mikono miwili mpaka mbao zikatetemeka.

"Haya, haya, usinibomolee nyumba. Leo nakuitikia mimi."

Akasafisha koo.

"Abee!"

Ilikuwa yangu. Mimi mwenyewe nisingeweza kuitofautisha.

Ndara zikasimama. Zilikuwa mlangoni kwangu, niliona kivuli chini ya mlango. Kikakaa kidogo, kama mtu anayesikiliza sauti imetoka wapi. Kisha kikaondoka. Mlango wa Fundi ukafunguka, na kitanda chake kikalia, mlio mfupi, ule wa mtu anayekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa.

"Karibu," Fundi alisema polepole.

Mchana ule hakusema tena.

Jioni Nesi alimpulizia, nami nimebandika sikio ukutani. "Unasikia nini, Fundi?"

"Sisikii kitu."

"Njaa je?" Nesi alimchokoza.

"Sisikii kitu."

Nikamwambia Nesi kila kitu, mara yangu ya kwanza kusema maneno mengi mbele yake. Alinisikiliza kwa upole, akanipima joto mara mbili. Daktari naye alipokuja alimwingizia Fundi kijiti cha pamba puani, wakasubiri majibu, na majibu yakawa safi. Hana homa, kifua kizuri. Daktari alifurahi, nilimsikia. "Laiti kila mgonjwa angekuwa kama wewe," alimwambia. Wakamruhusu. Alipita mlangoni kwangu bila kugonga, na ile harufu ikatoka naye, ikapungua koridoni mpaka ikaisha.

Siku chache baadaye wakaniruhusu na mimi. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilijua Fundi anajenga wapi, alikuwa amekwisha kutuchosha na habari za hilo jengo. Nilitaka nimwone anacheka. Nilitaka nimweleze kwamba zile ngumi ukutani zilikuwa za kumkataza.

Vibarua walikuwa wanakoroga zege chini. "Fundi? Yuko juu, anapiga lipu," mmoja alisema. "Ila sijui walimpulizia nini huko kituoni. Mtu aliyekuwa redio, sasa hata salamu hapokei."

Nilimwona kwenye jukwaa la mbao, mgongo kwangu, anasukuma mwiko juu ya ukuta, taratibu, kwenda na kurudi, anaulaza kwa uzito wa mkono. Mwashi hapigi lipu hivyo. Hivyo ndivyo mtu anavyonyoosha nguo.

"Fundi!" niliita.

Hakugeuka.

"Huyo haitiki siku hizi," kibarua alisema. "Tumeita mpaka tumechoka."

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Pengine nilikuwa najua, na nilitaka niwe nimekosea.

"Kinyoya," niliita, kwa sauti ndogo.

"Abee," Fundi akaitika, nyembamba, bila kuinua macho kwenye kazi.

Hakuna aliyecheka pale chini. Niliondoka kabla hajageuka.

Nyumbani niliingia chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Tangu mchana ule wa ndara sikuwa nimemwitikia mtu yeyote. Nilitikisa kichwa tu, kwa woga. Shangazi alikuwa jikoni, namwona kupitia mlango ulio wazi, kisu mkononi, ananitazama kwa furaha kwamba nimerudi mzima. Akaniita jina langu la kila siku. Nilikuwa namwona anayeniita. Hapakuwa na sababu ya kuogopa. Nikafungua mdomo niitike, na ile "abee" ya kifaranga haikuwamo tena.

Shangazi akaweka kisu chini. Akaita tena, polepole safari hii, kama mtu anayehofia nani ataitika.