Sofa Zilizorudi Ukutani

Jumatatu asubuhi Barwaqo alifungua mlango wa sebule ya Mulki mjini Garissa, akaufunga, akaufungua tena. Macho yake yalikuwa mazima. Sofa ndizo hazikuwa mahali pake.

Jana yake alikuwa ameziweka katikati ya chumba, mbili zikitazamana, mbali kabisa na ukuta, vile vile kama kwenye picha aliyotumiwa na Mulki kutoka Nairobi pamoja na ujumbe mmoja tu: "Abaayo, dada yangu, nataka hivi. Usibadilishe kitu." Sasa zote zilikuwa zimejibana ukutani kama wagonjwa wanaongoja daktari.

"Ayeeyo, nani amesogeza sofa?" akamuuliza bibi Kinsi, mama yake Mulki, ambaye ndiye anakaa humo nyumbani.

Kinsi akaangalia sofa, akamwangalia yeye. "Hakuna mtu amesogeza kitu, mwanangu. Umekunywa chai?"

Basi Barwaqo akazisukuma tena hadi hijabu ikalowa jasho. Na ujue, kupamba hii sebule ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuo. Baba yake, mzee Ogle, alishamtafutia ukarani kwenye soko la mifugo kule Hadado, na alimwambia bila kuzunguka: Mulki akija Ijumaa akaikataa hiyo sebule, Jumamosi unapanda gari. Miaka mitatu ya kusoma rangi na mwanga, halafu ukaandike alama za ngamia! Wallahi hata kulala hakulali vizuri.

Jumanne akazikuta ukutani tena, akazirudisha, akabandika utepe sakafuni, kila mguu wa sofa na alama yake. Jumatano asubuhi alikuta utepe upo, sofa hazipo. Ziko ukutani!

Akamvaa fundi Nuh, aliyekuwa anamalizia rafu ya televisheni. "Ni wewe?"

"Mimi? Na huu mgongo? Siku zinaingia tulizibeba wanaume wanne. Soma Ayatul Kursi, dada. Huyo ni jini."

"Jini gani anataka sofa ukutani?"

"Jini wa Garissa," Nuh akasema, bila hata kucheka. "Wa Nairobi angeziacha katikati."

Kawaida Barwaqo alikuwa anaondoka adhuhuri, jua likianza kuchoma. Siku hiyo hakutoka. Alijifanya anapima mapazia, akapima dirisha moja mpaka akakariri vipimo vyake.

Baada ya swala ya asri wakaja. Si jini! Ni marafiki wa Kinsi, wanawake kumi na wawili, na thamosi zao, na chetezo kinafuka ubani. Walikuwa wanazungumzia harusi ya mtu, na wala hawakukatiza maneno. Wanne wakashika sofa, hup, ukutani. Wengine wakashika ya pili, hup. Wakakaa chini kwenye zulia, wakaegemeza migongo kwenye sofa, chai ikamiminwa.

"Ayeeyo!" Barwaqo akapiga kelele. "Si ulisema hakuna mtu anasogeza?"

Kinsi alishangaa kweli kweli. "Kwani tumesogeza? Tumekaa tu."

"Ulitaka tuegemee nini, upepo?" akadakia Weris, yule mwenye mwili mkubwa, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kichwa cha Barwaqo kikazunguka. Hakuna aliyemdanganya! Kwao ile ilikuwa kama kukunja mikono ya nguo kabla ya kunawa, mtu hakumbuki hata. Sasa afuate nani, picha au nyumba? Alikaa katikati yao na kikombe chake. Kitu pekee alichokiona ni Weris anavyohangaika, mara aingize mto, mara autoe, kwa sababu ukingo wa kiti cha sofa ulikuwa unamchoma shingoni. Sofa ilikuwa juu mno.

Alhamisi akamwita Nuh na bisibisi yake. Wakang'oa miguu yote minane ili ukingo ushuke mgongoni, wakaziacha sofa pale pale ukutani.

Ijumaa alasiri Mulki akaingia na vumbi la safari, simu mkononi. Akatazama picha, akatazama sebule, akatazama picha.

"Barwaqo. Hii si picha yangu."

"Si yenyewe, abaayo." Sauti ilikuwa imebaki kidogo kama ya paka.

"Nilisema usibadilishe kitu." Huku anasema hivyo, anavua viatu. Akapita, akakaa chini kando ya mama yake, akaegemea sofa, akanyoosha miguu, akapokea chai. "Nimekasirika sana," akasema, akafumba macho.

Barwaqo akamwangalia Kinsi. Kinsi akainua mabega.

"Kwa hivyo... nirudishe miguu?"

"Miguu gani?"

"Ya sofa."

Mulki akafungua jicho moja. "Nani amekwambia uguse kitu? Kaa chini, unanizibia upepo. Kesho uende na huyo fundi kwa dada yangu kule Masalani. Sofa zake ni ndefu kama ngamia."

Barwaqo akakaa. Alikuwa hajui kama amegombezwa au amepewa kazi. Akatoa simu, akamwandikia baba yake: "Aabo, kesho siendi Hadado. Naenda Masalani. Nafikiri."