Sikuvuka Kizingiti

Watu wa kijiji chetu walikaa ndani wiki mbili tu kwa ajili ya korona, wakaanza kulia. Mimi nikawacheka. Mimi Mwantum, mjane wa Shaban fundi mashua, nilikuwa ndani tangu Januari, nakaa eda ya mume wangu, na hakuna aliyenisikia nikilalamika. Labda chumvi ikiisha. Jirani akija dirishani kuniuliza nawezaje, namwambia kaa tu utazoea, na usipozoea kamwambie mwenyekiti wa kijiji, si mimi.

Siku ninayoieleza ilikuwa ya mwisho. Jua likizama, eda imetimia. Kwetu huku delta mjane hajitoi mwenyewe. Wifi yake ndiye humshika mkono akampeleka pwani kumwogesha, na wanawake wanafuata kwa vigelegele. Hapo ndipo watu wanajua kwamba fulani kamkalia mumewe eda sawasawa. Sasa mwaka ule mikusanyiko ilikatazwa. Binti yangu Salima, mwalimu wa Kibiti aliyerudi nyumbani shule zilipofungwa, akanishauri nioge uani kwa ndoo, yaishe. Nilimkaripia mpaka akanipisha jikoni.

Hakujua kinachoniuma. Siku ya maziko wifi yangu Semeni, dada yake Shaban, aliwaambia wanawake kwamba Mwantum huyu na miguu yake ya sokoni hamalizi eda, mwezi hautaisha atakuwa Ikwiriri anauza ufuta. Alisema mbele za watu. Basi na mimi nilitaka nitoke mbele za watu, walewale.

Baada ya adhuhuri Salima akaenda kisimani. Mbele ya nyumba, kwenye mchanga, alikuwa kaanika mpunga juu ya mikeka. Shamba la mpunga huo Shaban alililima na kulipanda mwenyewe, halafu akafa kabla halijachanua. Mara upepo ukabadilika, wingu zito likaja kutoka baharini. Nikamwita Salima mpaka sauti ikakauka. Pwani nzima hapakuwa na mtu, kila mmoja kajifungia kwake. Mguu ukanifika kizingitini, nikaurudisha. Mvua ikapiga. Nilishika mlango nikautazama mpunga wa mume wangu unasombwa mchangani, na nililia kwa sauti, sikujificha.

Ndipo nikamwona Semeni anatoka kwenye mikoko, ameacha mtumbwi wake huko, anakimbia. Akaikunja mikeka mmoja mmoja, akaiburuta mpaka upenuni. Uliopona ulikuwa nusu, au pungufu. Kisha akakaa mwisho wa baraza, mbali nami kama redio ilivyoagiza, barakoa yake ya kipande cha kanga imeloa chapachapa. Akaniuliza kwa nini sikutoka, na hapakuwa na mtu wa kuniona.

"Eda ya Shaban siiuzi kwa mpunga," nikamwambia. "Hata huo alioupanda yeye."

 Semeni akaivuta barakoa, akajifuta uso.

"Nilikuwa pale mikokoni tangu wingu linaingia," akasema. "Nilikuja kukutoa eda, nikasema ngoja nimwone kwanza. Nimeuona mguu wako ulivyofika kizingitini, ukarudi." Akavuta pumzi. "Kaka yangu alioa mke."

Nikamtupia kanga kavu kutoka mlangoni.

Jua lilipozama alinishika mkono, korona au si korona, tukashuka pwani watatu: mimi, yeye na Salima. Akaniogesha, akanivisha kanga mpya, akapiga vigelegele peke yake mpaka kikohozi kikamshika. Kijiji hakikutoka. Tuliporudi, nywele zangu hazijakauka, Semeni alikuwa na simu sikioni, anawapigia wale wanawake wa siku ya maziko, mmoja baada ya mwingine, anawasimulia mvua, mpunga na mguu wangu. Nilikaa barazani kifua mbele nikamsikiliza, na sikumkatiza hata neno.