Katibu wa Sofani

Kiwanda cha mikate kilikuwa kinatafuta fundi wa tanuri, na Fundi alikuwa na vyote vinavyotakiwa: mikono, spana, na makovu ya moto hadi viwikoni. Alichokosa ni barua ya maombi. Kwa bahati njema, kama neno lenyewe ni bahati, nyumbani kwake aliishi bingwa wa barua.

Huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Katibu. Alikuja kupumzika siku chache, enzi hizo sofa ikiwa mpya. Sasa sofa ilikuwa na shimo lenye umbo lake. Alikwisha kuomba kazi karibu kila ofisi ya mjini, na hakuna iliyomjibu, jambo lililomthibitishia kwamba maofisini hawajui kusoma.

Fundi akampa karatasi yenye doa la grisi. "Nimeanza hivi, shemeji. 'Naomba kazi ya kutengeneza tanuri. Najua kutengeneza tanuri.'"

Katibu akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Hii ni barua au risiti? Mtu akisoma barua lazima atetemeke!"

"Atetemeke kwa nini? Namwomba kazi, simtishi."

"Wewe shika spana, kalamu niachie mimi."

Akashika kalamu, na chai, na chai nyingine. Zikatoka kurasa tatu. Humo ndani Fundi alikuwa "mdau mahiri wa nishati joto, mwenye weledi uliotukuka na dira ya kimkakati." Fundi alisoma akamwonea wivu mtu huyo. Mkewe alisoma akauliza, "Huyu baba ameoa?"

Fundi akaitwa. Mwenye kiwanda, mama mnene mwenye unga hadi kwenye kope, aliishika barua kwa ncha za vidole.

"Hebu nieleze, baba. Ukisimama mbele ya tanuri, hiyo dira ya kimkakati unaishikia wapi?"

Nyuma ya mama, mlango wa tanuri ulikuwa umefungwa kwa waya, na joto linavuja waziwazi. Fundi aliuona. Lakini Katibu alikuwa amemwonya asiishushe barua hadhi.

"Kwa... kwa weledi, mama."

"Uliotukuka?"

"Kiasi."

Mama akacheka hadi unga ukadondoka. "Nani kakuandikia?"

"Shemeji yangu."

"Niletee huyo! Wateja wananilalamikia kila siku, mkate upande umeungua, upande mbichi. Nahitaji mtu wa kuwajibu kurasa tatu bila kusema kitu."

Hivyo ndivyo barua ya Fundi ilivyompatia kazi Katibu.

Fundi akarudi nyumbani amenuna. "Mlango tu!" alimwambia mkewe, Katibu akisikia kutoka sofani. "Mlango haufungi, ndiyo maana mkate unaungua upande mmoja. Ningeumaliza kabla ya chakula cha mchana."

Kazi ya kwanza ya Katibu ilikuwa kuwajibu walioomba nafasi ya fundi. Jioni, wakiwa mezani, akamkabidhi Fundi bahasha kwa mikono miwili, uso umekunjamana kiofisi.

"'Tunasikitika kukufahamisha,'" Fundi akasoma, "'kwamba licha ya weledi wako uliotukuka...' We! Unanikataa kwa maneno yako mwenyewe?"

"Si mimi, shemeji. Ni ofisi."

"Na hiyo ofisi inalala wapi?" mke wa Fundi akamuuliza mdogo wake.

Katibu akameza tonge bila kutafuna. Dada akaivuta bahasha, akaandika mgongoni mwake: *Ndugu Katibu, sofa inafungwa kesho. Itafunguliwa siku mume wangu akipata kazi. Dada yako.*

Katibu akasoma. Akarudia. Akatetemeka.

Asubuhi mama mwenye kiwanda akakuta mezani barua ya mwandiko uleule, lakini isiyojaza hata nusu ukurasa: "Mama, mkate unaungua kwa sababu mlango wa tanuri haufungi. Shemeji yangu anaweza kuutengeneza leo. Mjaribu, tafadhali sana." Kwa mara ya kwanza maishani mwake Katibu alikuwa ameandika barua huku anataka kitu kweli.

Fundi aliitwa, mlango ukafunga, na kazi akapewa papo hapo.

Jioni alirudi ananukia mkate, akamkuta Katibu keshatulia ndani ya shimo lake, miguu juu.

"Unaona, shemeji?" Katibu akasema. "Si nilikwambia tangu mwanzo, andika kwa kifupi?"