Hitaji la Muuguzi

Barua ilifika Jumatatu, imekunjwa ndani ya soksi ya mtu aliyetoka nayo mjini, na chifu wa Ha Tšilo hakutaka kuifungua mpaka Seabata aje. Nani mwingine angeisoma? Kijiji kizima ni yeye tu aliyemaliza sekondari na alama nzuri za Kiingereza, na ni yeye aliyeandika ile ya kuomba msaada kwa shirika la mjini. Basi akaja mbio, blanketi linaning'inia bega moja, akachuchumaa karibu na moto wa samadi kavu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu wa redio.

"Wanasema barua yetu wameipata, Morena. Wanasema imewagusa."

"Imewagusa wapi?" akauliza chifu.

"Moyoni."

"Haya, endelea."

Akaendelea. Wametenga godoro moja. Jiko moja la mafuta ya taa. Mablanketi mawili, taa, buti za baridi. Gari litafika Alhamisi. Hapo mstari uliofuata akausoma kimoyomoyo, mara mbili. Muuguzi wenu, barua ilisema, atie sahihi mwenyewe akishapokea vitu vyake.

Muuguzi wenu. Muuguzi yupi? Zahanati ya Ha Tšilo ilifungwa mwaka juzi, muuguzi wa mwisho alipofungasha na kwenda zake. Sasa hivi mle ndani wanalala mbuzi.

"Mbona kimya?" chifu akasema.

"Moshi, Morena. Umeniingia machoni."

"Muuguzi anakuja au haji?"

"Gari linakuja Alhamisi."

Hakudanganya. Lakini chifu alisikia alichotaka kusikia, akatoka nje akawatangazia watu, na wanawake waliokuwa kisimani wakapiga vigelegele mpaka farasi wakakurupuka. Seabata alibaki ndani ameishika barua.

Kosa alishaliona. Siku ile chifu alimwambia kwa Kisotho: andika tlhoko ea mooki, hitaji la muuguzi, sema ni kubwa mno. Kwa Kisotho neno hilo linaenda huku na huku. Linaweza kuwa shida aliyonayo muuguzi, linaweza kuwa shida yetu ya kumpata, na hakuna anayepotea kwa sababu kila mtu anajua zahanati ina mbuzi. Kiingereza hakina mchezo huo. Ukimtaka mtu unaweka for, need for a nurse. Ukiweka koma ya juu na s, nurse's need, hitaji umempa muuguzi, limekuwa lake kama kofia yake. Na Seabata aliiweka hiyo koma. Aliiweka kwa maringo kabisa, aonekane kasoma. Mbele yake akatia our. Ndiyo hivyo, mtu asiyekuwepo akawa wetu, akawa na shida, na huko mjini wakamhurumia.

Kama ingekuwa aibu tu, angeimeza. Lakini nyumbani kulikuwa na dada yake, Nthatuoa, mimba ya mwezi wa tisa, mume yuko migodini ng'ambo ya mpaka. Mimba ya kwanza ilimharibikia majira ya baridi ya mwaka jana, juu ya farasi, katikati ya mlima, wakijaribu kumfikisha hospitali ya mjini. Theluji ikianguka, ule mlima haupitiki hata wiki mbili. Na mwezi huu wa sita wa mwaka, baridi ikiingia, mbingu zilikuwa zimeshaanza kufanya rangi ya bati.

"Nimesikia vigelegele," Nthatuoa akasema Seabata alipoingia. Alikuwa anakoroga uji wa mtama, mkono mmoja kiunoni. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Muuguzi, we mjinga. Jina lake."

"Hawakuandika jina."

"Ni mwanamke?"

"Dada, uji unaungua."

Haukuwa unaungua. Nthatuoa alimtazama, akatazama sufuria, akamtazama tena.

Usiku ule Seabata hakulala vizuri, na Jumanne alfajiri akapanda kilima cha nyuma, mwendo wa saa mbili, mahali pekee ambapo simu inashika. Njia nzima alikuwa anajifundisha sentensi. We have a need for a nurse. A need for. For. Alirudia mpaka mchungaji mmoja wa kondoo akamuuliza kama anaumwa.

Simu ikapokelewa na mwanamke wa ofisi ya shirika. Seabata akaanza Kiingereza chake, mwanamke akacheka.

"Sema Kisotho, abuti, kaka yangu. Mimi ni 'M'e Mosele, mtu wa Mafeteng kabisa."

Akashusha pumzi. Kumbe rahisi hivi. "'M'e, mama yangu, napiga kutoka Ha Tšilo. Ni kuhusu tlhoko ea mooki."

"Ndiyo, ndiyo, hitaji la muuguzi. Masikini wa Mungu. Buti namba sita zitamtosha?"

Kijasho kikamtoka, na upepo ulikuwa wa kukata masikio. "Hapana, 'M'e. Muuguzi hayupo."

"Amesafiri?"

"Hayupo kabisa."

"Yuu, amefariki?"

"Hajafa, 'M'e. Alikuwepo, akaondoka, miaka miwili sasa. Hatuna muuguzi. Tulikuwa tunaomba muuguzi."

Akasikia karatasi zinafunuliwa.

"Hapa umeandika muuguzi wetu."

"Wetu kwa maana ya tunayemtaka."

"Abuti, mimi nina mume wangu. Ningekuwa namtaka tu, ningesema mume wangu?" Halafu sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Sisi tunatoa vitu, hatutoi watu. Watu wanatoka serikalini, na fomu zao ni miezi mitatu zikienda mbio. Na gari limeshaondoka leo asubuhi, linapita vijiji vingine kwanza, dereva simpati tena."

"Dada yangu hana miezi mitatu. Hana hata wiki."

"Mungu wangu," 'M'e Mosele akasema, na simu ikakatika.

Alirudi nyumbani miguu mizito. Alipanga kuanza na chifu, lakini Nthatuoa alikuwa amekaa mlangoni anamsubiri, ikabidi amwage yote pale pale. Koma, for, buti namba sita, yote. Nthatuoa alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaangalia mlima.

"Kwa hiyo hakuna mtu anayekuja."

"Hakuna."

"Nilishamwandalia kitanda cha mama." Akajipangusa pua kwa ncha ya blanketi. "Lakini gari linakuja."

"Gari linakuja. Wasipomkuta muuguzi, litarudi na vitu vyao."

"Litarudi," Nthatuoa akasema, akashika mlango, akasimama taratibu, akaingia ndani kufunga nguo zake kwenye shuka.

Chifu naye aliambiwa jioni ile. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alivuta kiko chake, akasema, "Alama nzuri za Kiingereza," akavuta tena. "Jumatano yote wewe utawaeleza wanawake. Mlango kwa mlango."

Alhamisi gari lilifika saa tano, na chembe za kwanza za theluji zilikuwa zimeshaanza kuelea. Dereva, Ntate Rantsane, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, hakuzima injini.

"Muuguzi yuko wapi atie sahihi? Haraka, huko juu kunafunga."

"Hakuna muuguzi, Ntate, baba yangu. Ni makosa yangu."

"Basi narudi na mzigo." Akageuka.

"Tunaomba umchukue dada yangu."

"Sibebi watu. Nilishawahi kubeba mtu, wakanikata mshahara. Karatasi yangu inasema mzigo, basi."

"Mzigo wa nani?"

"Soma mwenyewe, si ndiwe mwenye Kiingereza? Wamenisimulia sifa zako huko njiani."

Seabata akaichukua karatasi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: FOR NURSE.

"Ntate, hawakuandika vitu vya muuguzi. Wameandika for, kwa muuguzi. Ni chochote kinachopelekwa kwa muuguzi." Akaonyesha nyuma yake. "Huyu hapa anapelekwa kwa muuguzi. Wakikuuliza, waonyeshe karatasi yao wenyewe."

Ntate Rantsane akaitazama karatasi, akalitazama tumbo la Nthatuoa. "Nyinyi mliosoma mna hatari," akasema.

"Nyinyi endeleeni kusoma," Nthatuoa akasema. Alikuwa ameshapanda nyuma, chini ya turubai, amekalia godoro la muuguzi na kujifunika mablanketi yake yote mawili. Uso ulikuwa umebadilika. "Maumivu yameanza tangu alfajiri. Sikutaka kuwaambia."

Dereva akatupa karatasi kwenye kiti. "Na wewe panda. Nani atamshika?"

Barabara ilikuwa inarusha kama farasi mkaidi. Seabata alikaa ameegemeza mgongo kwenye boksi la jiko, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake, na kila uchungu ulipokuja alihisi mifupa ya vidole inasagana. Theluji ikawa nzito. Mara mbili magurudumu yaliteleza, na mara ya pili gari likarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ukingoni kabla halijashika. Alihesabu kona. Akasahau hesabu. Hapa ndipo farasi alisimama mwaka jana, pale penye mawe, na aliona Nthatuoa amefumba macho makusudi asipaone.

Kioo kidogo cha nyuma kikafunguliwa. "Anahitaji nini huko?" Ntate Rantsane akapaza sauti. "Nisimame?"

"Usisimame, Ntate," Seabata akasema. "Endesha tu."

Gari likapanda, likanguruma, halafu mngurumo ukalegea. Walikuwa wameanza kushuka. Chini kabisa, kupitia upenyo wa turubai, yakaonekana mabati ya mji, bado hayajashika weupe.